Nilishinda Mjadala, Lakini Nilikosea

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nipate kusahihisha jambo nililolisema mimi mwenyewe mbele ya watu wengi. Najua si desturi ya mshindi kurudi uwanjani na kumwombea kura yule aliyeshindwa. Lakini mwenye kosa akinyamaza, kosa lake huota mizizi. Na kosa langu, lisipong'olewa sasa, laweza kula fedha za watu wema.

Wengi wenu mwaukumbuka mjadala wa muhula uliopita katika ukumbi wetu hapa Nakawa. Chama cha wanafunzi wa zamani kilikuwa kimeleta barua kwa Mwalimu Mkuu. Walisema ya kuwa wamechanga fedha, nao wataka kutujengea penye lango la shule mahali pa kuchajia vyombo vya umeme: pikipiki za walimu, motokaa za wageni, gari la shule siku litakaponunuliwa, na boda boda za steji iliyo mbele yetu. Wenye boda boda watalipa ada kidogo, na ada hiyo itaingia katika mfuko wa wanafunzi waliopungukiwa karo. Kisha wakauliza: je, tuweke plagi na waya, au tuweke vibao vya kisasa vichajivyo bila waya? Mwalimu Mkuu akaona vema tulijadili swali hilo sisi wenyewe, na maoni yetu yapelekwe kwao.

Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa vibao. Nilieleza ya kuwa kibao hulazwa chini, motokaa huja ikasimama juu yake, na betri hujaa bila mtu kushika kitu chochote. Nilisema waya ni kitu cha jana. Kisha nikatoa hoja iliyowafanya mpige makofi mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nikasema: "Babu zetu walingoja simu za waya miaka mingi, wala hazikufika vijijini. Ilipokuja simu ya mkononi tuliziruka nyaya zote mara moja. Kwa nini leo tusiruke na waya wa motokaa?" Kura zilipohesabiwa tulishinda kwa wingi mkubwa.

Jioni ile nilitoka kwa ruhusa kwenda kumwona kaka yangu mkubwa, ambaye ni dereva wa boda boda. Steji yake iko hapa hapa Nakawa, kando ya barabara ya Jinja, si mbali na soko. Sioni haya kusema ya kuwa nusu ya karo yangu hutoka katika kiti cha pikipiki yake. Nilimkuta amekaa juu ya kiti hicho akila muhindi wa kuchoma, nikamsimulia ushindi wangu kutoka mwanzo hata mwisho. Alisikiliza vizuri, asinikatize. Nilipokwisha akaniuliza swali moja tu.

"Mdogo wangu, hicho kibao chako kitaijaza betri kwa muda gani?"

Nikajibu, "Kaka, ni sawa na waya, au zaidi kidogo."

Akasema, "Basi umeniondolea taabu gani? Kuchomeka plagi si kazi. Kazi ni kungoja."

Sikuwa na jibu. Nilirudi shuleni nikiyatafakari maneno hayo, na mpaka leo sijaona hoja iliyoweza kuyashinda.

Nawaomba niwaeleze kidogo habari za kaka yangu, maana ndizo zilizonifumbua macho. Pikipiki yake ya kwanza ya umeme ilikuwa na betri isiyotoka. Aliichaji usiku nyumbani kwake kwa plagi, na asubuhi akaenda kazini. Umeme ulipokuwapo mambo yalikuwa mema. Lakini usiku mwingine umeme ulikatika, na asubuhi akaamka na betri nusu. Siku ya namna hiyo aliweza kubeba watu mpaka saa tano tu, kisha ilimpasa kukaa dukani kwa mtu saa tatu au nne, akitazama wenzake wakipita na abiria. Muhula mmoja siku za namna hiyo zilikuwa nyingi, na mimi nikachelewa kurudi shuleni wiki mbili kwa sababu karo haikutimia.

Baadaye alijiunga na wale wanaobadilisha betri. Kampuni ya Zembo iliianza kazi hiyo mjini Kampala yapata mwaka 2018, na baadaye zikaja nyingine, kama Spiro. Nchini Rwanda iko Ampersand, mjini Kigali. Kazi yenyewe ni rahisi. Dereva hufika kituoni, huitoa betri iliyokwisha, hupewa iliyojaa, hulipa, akaenda zake. Dakika chache zimetosha. Betri huwa ni mali ya kampuni, nayo huchajiwa pale kituoni kwa waya, polepole, wakati dereva yuko barabarani akitafuta riziki. Angalieni, basi: waya upo pale pale, haukuondolewa, kilichoondolewa ni kungoja.

Hapo ndipo nilipoona ya kuwa katika mjadala wetu tulikuwa tunatibu kidonda kisicho chetu. Kibao kisicho na waya kilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye motokaa yake, mwenye banda lake nyumbani, ambaye umeme wake haukatiki, na ambaye taabu iliyombakia ni kuinama na kuchomeka plagi kila jioni. Mtu huyo yuko, wala simwonei kijicho. Lakini yeye siye anayesimama penye lango letu saa moja ya asubuhi.

Sasa niitazame ile hoja yangu ya simu, maana ndiyo iliyowapoteza wengi. Simu ya mkononi ilituokoa kwa sababu iliondoa haja ya kupeleka waya katika kila nyumba. Je, kibao cha kuchajia huondoa haja hiyo? Hata kidogo! Kibao chenyewe hula kwa waya. Umeme hutoka katika mto Nile, hupita katika nyaya kubwa, hufika Nakawa, huingia shuleni, hupita chini ya ardhi mpaka kibaoni. Na baada ya safari yote hiyo huruka nafasi ndogo isiyotimia urefu wa rula ya darasani. Tumeondoa waya wa hatua mbili, nasi tukajisifu ya kuwa tumeziruka nyaya. Nalifananisha jambo hili na mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Jinja, akapanda baisikeli mlangoni pa nyumba yake, kisha akasema amekuja kwa baisikeli.

Wala shida yetu kubwa siku hizi si kukosa umeme mtoni. Bwawa la Owen Falls, liitwalo sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Bujagali, lenye megawati 250, lilikamilika mwaka 2012. Na Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa mwaka 2024. Umeme wa mito tunao. Pengo liko katika njia ya kuufikisha mpaka kwenye tundu la ukutani pasipo kukatika. Kama njia hiyo ina ugonjwa, kibao kitaugua pamoja na plagi.

Ili nisiwe mtu wa maneno tu, nilimwomba mwalimu wetu wa fizikia ruhusa ya kufanya jaribio. Nilisokota koili mbili za waya wa shaba, mizunguko 50 kila moja. Ya kwanza nikaipa umeme wa kwenda na kurudi, wa volti chache. Ya pili nikaifunga kwenye taa ndogo. Nilipozilaza moja juu ya nyingine, taa iliwaka, ingawa hapana kitu kilichoziunganisha. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliokuwa wakichungulia dirishani walipiga kelele za ajabu. Hii ndiyo kanuni aliyoivumbua Michael Faraday mwaka 1831: umeme ukibadilika katika koili moja, sumaku yake hubadilika nayo, na sumaku hiyo huamsha umeme katika koili ya pili. Lakini nilipoinua koili ya juu kwa upana wa vidole viwili, taa ilififia. Nilipoisogeza kando kwa shubiri moja, ilizimika kabisa.

Ni haki niseme ya kuwa wahandisi wa kweli wafanya vizuri kuliko mimi na koili zangu. Mwaka 2020 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kiitwacho SAE, kilitoa kanuni za kuchaji motokaa bila waya mpaka kilowati 11. Na motokaa ikisimama sawasawa juu ya kibao, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za umeme hufika betrini. Basi wale waliosema katika mjadala ya kuwa nusu ya umeme hupotea hewani walikosea, nami sitaki kushinda kwa hoja yao. Lakini motokaa ni lazima isimame sawasawa, na ni lazima iwe na koili ya kupokelea chini ya tumbo lake. Motokaa nyingi za umeme zauzwa bila koili hiyo. Na pikipiki ya kaka yangu, itaifunga wapi? Kutengeneza pikipiki ya namna hiyo si jambo lisilowezekana, lakini katika steji zetu hapa Nakawa sijaiona hata moja. Tungejenga vibao vizuri penye lango, kisha boda boda zingepita zikivitazama kama watazamavyo watu sanamu.

Historia nayo yatuonya. Mwaka 1996 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa motokaa ya umeme iliyoitwa EV1. Ilichajiwa kwa kitu kama kasia dogo lenye koili ndani. Dereva alilitia katika mwanya wa motokaa, na umeme ukapita kwa sumaku, pasipo chuma kugusa chuma. Ulikuwa ufundi mzuri, na salama hata wakati wa mvua. Kampuni nyingine zilitumia plagi za kawaida. Mwaka 2001 wakuu wa mambo ya hewa katika jimbo la California walichagua njia ya plagi iwe ndiyo kanuni ya jimbo lao, na mwaka uliofuata General Motors wakaiacha njia yao. Waliokuwa wamefunga mashine za kasia wakabaki na vyombo visivyo na mwenyewe. Nao walikuwa watu wa nchi tajiri! Sisi tukibaki na vibao visivyo na vipuri, nani atatutengenezea?

Msinielewe vibaya, sisemi ya kuwa kuchaji bila waya ni upuuzi. Pana mahali pake. Mwaka 2013, katika mji wa Gumi huko Korea ya Kusini, mabasi mawili yalianza kwenda katika njia ya kilometa 24, yakipokea umeme kutoka koili zilizofukiwa chini ya barabara, kupita nafasi ya sentimita 17. Mwaka 2023 mji wa Detroit nchini Marekani ulifungua kipande cha robo maili cha barabara ya namna hiyo. Basi hupita njia ile ile kila siku na kusimama mahali pale pale. Kwa hiyo hapana shida ya kulilenga kibao, na dakika chache za kupakia abiria zatosha kulionjesha umeme. Nasi Waganda si wageni wa mambo haya. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere walionyesha motokaa ya umeme ya watu wawili, Kiira EV. Na mwaka 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola la watu 35, lenye vioo vya jua juu ya paa. Ikiwa siku moja mabasi ya umeme yatapita katika barabara ya Jinja kwa saa maalum, na kusimama Nakawa katika kituo maalum, mimi nitakuwa wa kwanza kusema: fukieni koili hapo.

Katika mjadala palikuwa na neno moja lililonigusa kuliko yote, na sitalificha ingawa laupinga upande wangu mpya. Mwalimu wetu mmoja, ambaye hutembea kwa magongo, alisimama akasema, "Ninyi mwasema kuchomeka plagi si kazi. Kwa mtu aliyeshika magongo mawili wakati wa mvua, ni kazi." Ukumbi ulinyamaza. Maneno hayo ni kweli, nami sina la kuyajibu ila hili: mtu kama huyo akinunua motokaa yenye koili, apewe kibao chake, nasi tuchange. Lakini hata plagi yaweza kuwekwa kwa adabu, kwa kimo cha kiuno, chini ya paa, pasipo na ngazi wala matope, na mtu wa zamu awepo kusaidia. Kumfikiria mlemavu si lazima kuanze kwa kitu cha bei kubwa.

Vile vile nakiri ya kuwa waya una maovu yake. Shaba huibiwa, waya uliochunika huua, na plagi zenyewe hazipatani, kwa maana motokaa kuukuu kutoka Japani huja na plagi ya namna moja, na mpya kutoka China huja na nyingine. Lakini maovu hayo fundi wa Nakawa ayajua. Waya ukikatika ataona palipokatika. Soketi ikiungua atanunua nyingine mjini na kuifunga kabla ya chakula cha mchana. Kibao kikiharibika kimefungwa kama jiwe. Ndani yake mna vyombo vya kubadili umeme na vya kulinda, kwa mfano kile cha kutambua kipande cha chuma kilichoanguka juu yake, kwa sababu chuma kikilala pale huweza kupata moto. Kitu ambacho hatuwezi kukitengeneza si mali yetu, hata kama kiko ndani ya ua wetu.

Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Sisi wanafunzi tu wepesi wa kupenda upya, na mara nyingi upya huo hutusaidia. Singependa kuwa mzee kabla ya wakati wangu. Lakini nimejifunza kuuliza swali la kaka yangu kabla ya kupiga makofi: kitu hiki chaondoa taabu ya nani? Kama ni taabu yangu, nikitafute hata kama ni ghali. Kama ni taabu ya mtu mwingine wa mbali, nimpongeze, kisha nishughulike na yangu.

Sasa nasema nanyi, ndugu zetu wanafunzi wa zamani, mlio hapa Kampala na mlio ng'ambo. Maoni ya shule yaliyopelekwa kwenu yalisema "vibao". Maoni hayo yalitokana na ulimi wangu, nami nawaomba myapokee pamoja na barua hii. Fedha mlizochanga zitoe paa zuri, sakafu ya saruji isiyoshika maji, soketi imara zenye waya wa ardhi na swichi ya kujizima penye hatari, na chumba kidogo chenye kufuli na rafu za betri za kubadilisha, ambacho kampuni mojawapo yaweza kukikodi. Boda boda itaingia na kutoka kwa dakika chache, ada italipwa mara nyingi kwa siku, na mfuko wa karo utajaa upesi. Kama chombo kitatumiwa na wengi kitasomesha wengi.

Na kama zitabaki shilingi kidogo, tununulieni waya wa shaba na vyombo vya kupimia umeme kwa ajili ya chumba cha fizikia. Nimeona sura za wale wadogo dirishani taa ilipowaka pasipo waya. Huenda mmoja wao akavumbua kibao kitakachoifaa pikipiki, ambacho fundi wa barabara ya Jinja ataweza kukifungua na kukitengeneza. Siku hiyo na tuitishe mjadala mwingine. Na kama nitakuwa hai nitakuja na kukipigia kura.

Nilimpelekea kaka barua hii aisome kabla sijaileta kwako, Bwana Mhariri. Alisoma ukurasa wa kwanza tu, akanirudishia, akasema abiria amefika.

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tano, Nakawa